Mzee kaandikiwa upasuaji India, kuna haja ya kutafuta daktari wa pili hapa nyumbani kabla hatujakata tiketi?

#1 Ngosha wa Igoma
Wakuu heshima kwenu, naomba mawazo maana huku nyumbani hatuelewani.

Mzee wangu ana miaka 71. Mwaka jana alianza kuamka usiku mara nne mara tano kwenda kukojoa, akawa anaficha ficha mpaka siku mkojo ulipogoma kabisa kutoka ndo tukamkimbiza hospitali moja ya binafsi hapa Mwanza. Wakamwekea mpira wa mkojo, wakapima PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikaja 14, baadae wakakata kinyama kikaenda maabara, majibu saratani ya tezi dume, Gleason 4+3, yaani alama ya ukali wa saratani. Tukaunganishwa na jamaa anayepeleka watu India, tukaipiga picha ripoti tukamrushia WhatsApp, kesho yake asubuhi keshaleta barua ya makadirio: upasuaji wa roboti, dola 7,800, mgonjwa na msindikizaji mmoja, wiki tatu.

Familia imeshaanza kuchanga. Bro yuko Houston anasema tukate tiketi. Mama mdogo kagoma, hatoi hata mia mpaka mzee aonwe na daktari mwingine, iwe Bugando, Muhimbili au KCMC. Bro anamjibu kwani India wanaenda kumuona fundi baiskeli? Hayo maoni ya pili si atayapata huko huko. Sasa mimi niko katikati. Huyo daktari wa pili wa hapa ataona nini ambacho Wahindi hawatakiona?

#2 chai_ya_rangi
Nakaa hapa mbele nasubiri wajuzi. Mzee apone.

#3 Mmachame Halisi
Pole sana mkuu. Mama mdogo apewe kiti cha mbele kwenye hicho kikao.

Baba mkwe wangu alipitia hii hii. Majibu ya kwanza 4+4, watu wakaanza kulia kabisa. Tukampeleka KCMC, pale kwa mambo ya mkojo wamebobea toka zamani na wanasomesha mabingwa wa fani hiyo, daktari akaangalia ripoti akairudisha kwenye bahasha akasema hii karatasi nimeiona, nileteeni nyama yenyewe. Shemeji akarudi kwenye ile maabara ya kwanza wakamzungusha weee, mara mhusika kaenda semina, mara lipia, mara leta barua, mwisho wakampa vile vioo vyenye doa la pinki na zambarau katikati pamoja na bloki za nta ambazo nyama imegandishwa ndani, ndogo kama vile visabuni vya gesti. Zikasomwa upya ikaja 3+4. Kwa watu wa kawaida ni namba tu ila mpango mzima wa matibabu ulibadilika, alipigwa mionzi na sindano za homoni, sahizi yuko shambani anagombana na watu wa mfereji wa maji.

#4 Mtu Mzima Dawa
Mara nyingi hizi ripoti kutofautiana ni maabara zetu tu. Vifaa vibovu. Nendeni India kijana, acha kusikiliza wakina mama.

#5 Dokta wa Kata
Naomba niseme kidogo, mimi ni daktari ila sio bingwa wa mkojo, kwahiyo mwenye fani akija anikosoe.

#1 umeuliza vizuri. Bro wako ana hoja kwamba India wapo mabingwa. Ila angalia kilichotokea mpaka sasa: kuna mtu amekata nyama, mtu mmoja kaiangalia kwenye hadubini kaandika ripoti, mkaipiga picha, dalali kaituma, hospitali ikapiga hesabu. Hakuna mtu wa pili aliyeiona hiyo nyama. Hiyo barua ya makadirio ni bei tu, wamekubali kila kilichoandikwa kwenye karatasi kisha wakaweka gharama. Hata ukimpelekea profesa kumi karatasi ile ile utapata majibu kumi ya karatasi. Maoni ya pili ya kweli ni bloki na slaidi (hivyo vioo) zisomwe na mtaalamu wa patholojia mwingine, na picha za MRI ziangaliwe zenyewe kwenye CD, sio ile aya ya mwisho ya ripoti.

Na hii unaweza kuifanya hapa hapa nchini kabla mzee hajapanda ndege. Ikishindikana bloki zitangulie India kwa DHL mzee abaki nyumbani.

Halafu maswali. Umesema waliweka mpira KWANZA ndo wakapima PSA. Mkojo ukiziba na mpira ukiingia PSA inapanda yenyewe, na kama alikuwa na maambukizi ya mkojo inapanda zaidi. Kwahiyo 14 sio namba ya kujengea nyumba. Kuna iliyopimwa kabla? Anatumia dawa gani? Skani ya mifupa, ya kuona kama imesambaa, imefanyika? MRI?

#6 Ngosha wa Igoma
Dokta asante. Kabla ya hapo hakuna PSA. MRI hakuna, mifupa hakuna. Dawa anatumia za presha, na kuna nyingine ya kupunguza tezi alipewa duka la dawa muda mrefu tu, ngoja nimuulize mama asome boksi.

Edit: mama anasema finasteride 5mg, anameza toka msiba wa shangazi, yaani ni zaidi ya mwaka.

#7 Dokta wa Kata
Ahaa. Sasa hiyo inavuta upande wa pili. Finasteride ukiitumia kama miezi sita inashusha PSA karibu nusu, kwahiyo daktari akijua anazidisha mara mbili kichwani. Una mpira unaopandisha na dawa inayoshusha kwa mtu mmoja. Hiyo dawa imeandikwa popote kwenye faili lililoenda India?

#8 Ngosha wa Igoma
Haijaandikwa. Tulituma ukurasa mmoja.

#9 Kisu cha Kurithi
Hapo sasa. Watu tunasema maabara mbovu kumbe mgonjwa ndo kaficha dawa. Wazee wetu wakiulizwa unatumia dawa gani wanataja panadol basi.

#10 Pwani Mchangani
#4 si vifaa vibovu peke yake. Nimefanya kazi maabara. Nyama ikikatwa inatakiwa iingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya kutosha na haraka, isikae muda mfupi sana wala isisahaulike humo wiki nzima. Mnakuta kijichupa cha dawa ya kikohozi, formalini imewekwa tone, basi la mkoani linabeba, inafika Dar imeshaharibika, hata huyo wa India akipokea bloki atakuwa anasoma uozo. Kosa linatokea thieta, maabara ndo inatukanwa.

#11 Mwana_Sayansi wa Sinza
Na hata nyama ikiwa safi bado wasomaji wanatofautiana, hasa hapo kwenye 3+4 na 4+3. Hii ni ya dunia nzima, sio sisi tu. Anayesoma anakadiria kwa macho ni mtindo upi wa seli umetawala, huo ndo namba yake inaandikwa kwanza. Mmoja anaona nne imezidi, mwingine anaona tatu imezidi, wote wamesoma. Hapo ndo maoni ya pili yana maana, na wakati mwingine ya tatu.

#12 Bantu Lady
Mimi nasema biashara. Kila hospitali inauza ilichonacho. Mwenye roboti atakuambia roboti, mwenye mashine ya mionzi atakuambia mionzi, asiye na kitu atakuambia tuangalie kwanza. Nyie mnajadili formalini.

#13 chai_ya_rangi
#12 umemaliza uzi 😂

#14 Wakala Mtaratibu
Nimesoma nimeshindwa kunyamaza. Mimi ndo hao mnaowaita madalali, napeleka watu Chennai, Bengaluru na Delhi miaka sasa. Ni kweli hospitali nyingi zinatulipa asilimia, sitadanganya, ila sio wote tunakimbiza watu. Mteja akija kwangu naomba ripoti zote, CD, dawa anazotumia, nampa barua za hospitali mbili zisizo za kampuni moja akalinganishe. Huyo jamaa aliyetuma picha moja na kurudi na bei kesho yake, muulizeni mambo haya: jina la daktari aliyepitia faili ni nani, mzee anaweza kuongea naye kwa video dakika kumi kabla ya kulipa chochote, na hiyo dola 7,800 haijajumuisha nini. Mara nyingi haijajumuisha vipimo vya kabla, damu, ICU ikitokea, na hoteli baada ya kuruhusiwa. Akianza kung'ang'ana ooh ofa inaisha Ijumaa, mkimbieni.

#15 Bantu Lady
#14 yaani fisi anatufundisha kufunga zizi. Ila ushauri nimeupokea, una mashiko.

#16 Wakala Mtaratibu
Fisi ana watoto wanasoma pia dada yangu.

#17 Tandika Mwisho wa Lami
Mimi naongea kwa uchungu. Baba mdogo alienda huko India kwa tezi hii hii, hatukuuliza mtu. Kufika, siku ya pili daktari wa usingizi akamfanyia ECHO (picha ya moyo) akasema huyu moyo wake haumruhusu. Kumbe huo upasuaji wa roboti wanakulaza kichwa kimeelekea chini miguu juu kwa masaa, tumbo limejazwa gesi, moyo dhaifu unazidiwa. Akakaa hotelini anakula wali na dengu, hela ya mchango wa ukoo mzima inaishia kwenye chumba, akarudi na maboksi ya dawa za moyo ambazo zipo Kariakoo. ECHO ingefanyika pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kabla hatujauza kiwanja. #1 mzee wako si ana presha? Anza na moyo wake.

#18 Ngosha wa Igoma
Daah. Pole sana mkuu. Presha anayo miaka mingi. ECHO hajawahi.

#19 Mkweli Daima
Nyie mnaotetea maoni ya pili mna upande mmoja. Mtoto wa dada yangu alikuwa na saratani ya damu, tukazunguka hospitali hii na ile kila mmoja anataka kurudia kipimo, mwezi ukaisha, tulivyoamua kuondoka mtoto hakuwa wa kusafirishwa. Msimdanganye mtu kwamba kuzunguka ni bure.

#20 Dokta wa Kata
#19 pole sana, na uko sahihi kwa hali ile. Saratani ya damu ya ghafla kwa mtoto ni jambo la siku. Tezi dume mara nyingi sio hivyo, inakwenda taratibu, wiki chache za kusoma slaidi upya na kupiga skani ya mifupa kwa kawaida hazibadilishi kitu. Labda aanze kupata ganzi miguuni, miguu kulegea au mgongo unauma vibaya usiku, hapo ni dharura, hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao cha familia.

#21 Mwana_Sayansi wa Sinza
Kuongezea, Waingereza walifanya utafiti unaitwa ProtecT, wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ya tezi ambayo haijatoka nje, wakagawanywa: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023, waliokufa kwa saratani hiyo ni karibu asilimia 3 tu, na makundi yote matatu yalikaribiana. Mtu akikuambia bila roboti mzee anakufa mwaka huu muulize kasoma wapi.

#22 Nyarugusu Original
#21 unafanya kosa kubwa kuleta hiyo hapa. Wale karibu wote ni wazungu, na wengi wao waligundulika kwa kupimwa wakiwa hawana dalili, ugonjwa uko chini. Sisi weusi hii kitu inatupata zaidi na inatuua zaidi, na tunakuja hospitali mkojo umeshaziba kama huyo mzee. Huwezi kuchukua asilimia 3 ya Uingereza ukaileta Igoma.

#23 Mwana_Sayansi wa Sinza
Nimesema ambayo haijatoka nje. Ndo maana skani ya mifupa inatangulia. Ila hoja yako naikubali nusu.

#24 Nyarugusu Original
Nusu nyingine utaikubali ukifika miaka 60.

#25 Otieno wa Umoja
Niko Nairobi. Hapa watu walikuwa wanaenda India kwa PET scan tu (picha ya kutafuta saratani mwilini), siku hizi Aga Khan ya hapa wanayo, kwahiyo kabla uende mbali angalia Nairobi pia, basi kutoka Mwanza unapitia Sirari unafika. Lakini si kila mtu anahitaji PET, daktari aseme. Babangu aliambiwa na mmoja atolewe tezi, mwingine akamwambia mzee una 78, tukuangalie tu kila miezi. Yeye mwenyewe alichagua wa pili kwa sababu huyo wa pili alimsalimia vizuri. Sijui kama hiyo ni sayansi.

#26 Kisu cha Kurithi
#25 hiyo ndo sayansi yenyewe 😂😂

#27 Mkongwe wa Tabata
Hakuna anayesema ukweli hapa. Wazee wanakimbilia India kwa sababu hapa wanaambiwa watakatwa korodani. Mzee wangu alisikia hilo neno akavaa viatu akatoka kliniki bila kuaga.

#28 Dokta wa Kata
Afadhali umesema. Kutoa korodani ni njia ya kuzima homoni ya kiume, inatumika hasa ugonjwa ukiwa umesambaa, ni ya mara moja na bei yake ndogo. Njia nyingine ni sindano kama Zoladex kila mwezi au kila miezi mitatu, lengo ni lile lile ila gharama haiishi. Mtu ambaye ugonjwa uko ndani ya tezi tu hayo sio mazungumzo ya kwanza. Ndo maana narudi kule kule, mzee ajue kwanza yuko kundi gani. Na aulizwe yeye! Uzi mzima huu hakuna aliyeuliza mzee anataka nini. Upasuaji una hatari ya mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua, mionzi ina mambo yake ya haja kubwa na kibofu, mwenye kuchagua ni mwenye mwili.

#29 Bi Mwanakombo
Assalam alaykum. Huku kwetu Unguja ukitaka serikali ikupeleke nje faili linapita kwa jopo la madaktari kwanza, huamki tu ukasema nakwenda India. Watu wanalalamika jopo linachelewesha lakini mie nimeona waliorudishwa kutibiwa hapa hapa wakapona. Anayelipa kwa mfuko wake hana jopo, jopo lake ni kamati ya harusi iliyogeuzwa ya ugonjwa.

#30 Mmachame Halisi
#29 🙌🙌 kamati ya harusi iliyogeuzwa!

#31 Wakala Mtaratibu
Jambo la kitaalamu kidogo mlisahau. MRI ya tezi ikipigwa mara tu baada ya kukatwa kinyama, damu iliyovilia inachafua picha, wengi wanasubiri wiki sita mpaka nane. Nimewahi kupeleka mtu kapigwa MRI huku haraka haraka, kufika kule wakasema haisomeki wakarudia. Muulize daktari tarehe kabla hujalipia.

#32 Mtu Mzima Dawa
Mimi naona mnamchanganya kijana. Daktari wa kwanza akijua umeenda kwa mwingine anakasirika, ukirudi hakuhudumii.

#33 Dokta wa Kata
Anayekasirika mwache akasirike. Nakala ya ripoti ni haki ya mgonjwa, na bloki huwa zinahifadhiwa kwa ajili hiyo hiyo. Nenda na barua fupi: jina, namba ya faili, namba ya maabara iliyo juu ya ripoti, naomba bloki na slaidi kwa ajili ya kusomwa upya. Usiende na hasira wala usiseme mmekosea. Na zote usizitoe nje ya nchi kwa mkupuo mmoja, zikipotea nyama imepotea na mzee atakatwa tena.

#34 Ngosha wa Igoma
Mrejesho wakuu. Nimeenda leo maabara na barua, dada wa mapokezi kanipa fomu bila maneno, bloki Alhamisi. Bugando wametupa tarehe ya kliniki na ECHO. Yule jamaa wa makadirio nimemuuliza jina la daktari akasema nitakutumia, hajatuma, kanitumia picha ya jengo la hospitali usiku lina mataa. Bro kwenye grupu la familia kaandika "msije kuniambia sikuwaambia" halafu kaleft. Mama mdogo kamrudisha kwa nguvu.

Mzee nimemuuliza anataka nini kama dokta alivyosema. Kasema anataka mpira utolewe kwanza, mengine tutaongea.

#35 Nyarugusu Original
Mzee ana akili kuliko wote humu.

#36 Mkweli Daima
Msichukue miezi tu. Nimeshasema.

#37 Tandika Mwisho wa Lami
#34 kama mwisho wa siku mtaenda, anza visa na kadi ya homa ya manjano sasa hivi. Visa ya matibabu unaomba mtandaoni, inakaa siku 60 unaingia na kutoka mara tatu, ila kuhusu kadi ulizeni ubalozi wa India, bila hiyo wanaweza kukuweka karantini.

#38 Pwani Mchangani
Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, chini ya hapo kadi haihesabiki. Na kwa mtu wa 71 ambaye hajawahi kuchanjwa muulizeni daktari kwanza, chanjo ile ni ya virusi hai, kwa wazee na wenye kinga iliyoshuka wanaangalia kwa makini, wakiona haifai wanampa barua ya msamaha.

#39 Wakala Mtaratibu
Na msindikizaji ana visa yake, ya msindikizaji wa mgonjwa, wasizidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Mtu asiombe ya utalii.

#40 Bantu Lady
Kuna mtu humu anajua Dar ni nani anasoma slaidi za tezi haraka bila kuzungushwa? Nina mjomba, njooni PM, madalali msije.

#41 Wakala Mtaratibu
Nimekuja.